Nati ya Plastiki

Kituoni walimwita Taratibu, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Jalada ambalo wenzake walilimaliza kwa siku mbili, yeye alilala nalo wiki nzima. Lakini hili alikabidhiwa asubuhi ya Ijumaa likiwa limekwisha kazi. Mkuu wake alimwambia alisome, atie sahihi, na alifikishe kwa mwendesha mashtaka kabla ya saa kumi jioni. Basi.

Lilikuwa jalada jembamba. Mwanamke wa miaka sitini na minane, mke wa fundi bomba mstaafu, aliamka Jumatatu alfajiri akaingia jikoni kwake. Sakafu ilikuwa imefurika maji. Akateleza, akapiga kisogo kwenye ukingo wa jiwe la meza, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Maji yalitoka kwenye mashine mpya ya kuoshea vyombo, iliyofungwa Jumapili. Fundi aliyeifunga alikamatwa siku ileile ya Jumatatu kwa kusababisha kifo kwa uzembe, na Jumanne akaandika maelezo ya kukiri. Yalikuwa mistari miwili: "Mashine niliifunga mimi. Nilikosea, sina la kuongeza."

"Sasa hapo cha kupeleleza ni kipi?" aliuliza Koplo. Alikuwa dada mwembamba mwenye mdomo mwepesi, na miezi minane ya kufanya kazi na Taratibu ilikuwa imemfundisha kutembea na vitafunio mkobani. "Mzee kalalamika, fundi kakiri, marehemu kazikwa. Weka sahihi, afande, mimi nikanywe chai."

"Alikosea nini?"

"Hakukaza."

"Kaandika hakukaza?"

Koplo akainamia karatasi. "Kaandika alikosea."

"Basi chai itasubiri."

Nyumbani kwa marehemu, mlango ulifunguliwa na binti yake, mwanamke wa miaka kama arobaini, macho yamevimba, kitambaa cha kufutia vyombo begani. Alipoona sare ya Koplo alirudi nyuma hatua moja.

"Baba kalala," alisema. "Ndiyo kwanza anapata usingizi tangu Jumatatu. Msimwamshe, tafadhali."

"Hatumwamshi," Taratibu alisema. "Pole sana, mama. Tunataka jikoni tu."

Jiko lilikuwa dogo na refu, la kupishana kwa ubavu. Dirisha moja juu ya sinki. Kabati chini ya sinki, na kando yake, kwenye nafasi iliyopimwa sawasawa, mashine mpya nyeupe, karatasi ya nailoni bado imegandia mlangoni. Mashine ya zamani ilikuwa nje ukutani, imelala kifudifudi. Binti alieleza kuwa ilikuwa imewafaa miaka kumi na tisa. Ilipokufa, mama aliosha kwa mikono miezi miwili, na vidole vyake vilikuwa na ugonjwa wa viungo, vinakakamaa hata kushika kijiko.

"Ndipo Baba akanunua hii. Yule akaja kuifunga siku yake ya mapumziko. Bure. Alisema hawezi kumtoza mama."

"Yule ndiye fundi?"

"Ndiye. Alikuja hapa ana miaka kumi na saba, akajifunza kazi kwa Baba miaka sita. Alikuwa anakula hapa, analala hapa. Alimwita mama yangu Mama." Alisita. "Leo Baba hataki hata kulisikia jina lake. Anasema afungwe, na akitoka afungwe tena."

Koplo alikuwa ameshika mpini wa mashine. Akauvuta. Mlango ukashuka, na harufu ya sabuni ikatoka. Ndani kulikuwa na sahani nne, glasi nne, sufuria mbili na bakuli kubwa la maua ya bluu. Vyote vilikuwa safi, vimekauka.

Binti akafunika mdomo kwa kitambaa.

"Tulikula wote wanne Jumapili," alisema alipoweza. "Mashine ikaosha, sisi tumekaa tunaisikiliza kama redio. Nikataka kuvitoa, mama akanikatalia. Alitaka avitoe mwenyewe asubuhi, dirisha likiwa na mwanga, avione vinavyong'aa." Akashusha pumzi. "Ndivyo alivyokuwa anavifuata."

Koplo aliurudisha mlango polepole, kama anayefunika mtoto.

Taratibu alivua koti. Alihakikisha maji bado yamefungwa kwenye koki kuu tangu Jumatatu, akaivuta mashine kwa kuitingisha kushoto na kulia hadi mgongo wake ukaonekana, akapiga magoti. Polisi wa Jumatatu walipiga picha za sakafu. Hakuna aliyekuwa amepiga magoti.

Alianza mwisho, kama kawaida yake. Mpira wa kutoa maji machafu ulikuwa umepandishwa juu, ukafungwa kwa kibano, kisha ukashuka kuingia kwenye bomba la sinki. Kavu, safi. Koki ya ukutani ilikuwa mpya, imezungushiwa utepe mweupe kwa mkono wa mtu anayejua. Kavu. Ilibaki nati moja, ya plastiki ya kijivu, inayounganisha mpira wa maji safi na koki ile. Akaimulika kwa tochi. Toka juu hadi chini ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Imepasuka," Koplo alisema.

"Naona. Tazama pembeni."

Pande mbili za nati, zikielekeana, kulikuwa na alama ndogo zilizopangana, nne huku, nne kule.

"Kama panya kaitafuna."

"Panya hatafuni pande mbili kwa mpigo mmoja. Hayo ni meno ya spana."

Aliifungua kwa vidole. Ndani, pete ya mpira ya kuzibia ilikuwa mahali pake, nzima, mpya. Akaitia nati kwenye mfuko wa vielelezo, kisha akaingiza kichwa kwenye kabati la sinki. Chini ya koki ile kulikuwa na gazeti limeloana, limekauka, limegandia mbao. Alilibandua kwa kisu, taratibu kweli, na Koplo kwa mara ya kwanza hakulalamika. Pembeni mwa gazeti palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya risasi, ambayo maji hayaifuti: *saa tisa, kavu. Saa kumi, kavu. Saa kumi na moja, kavu.*

"Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wake," binti alisema. "Hivyo ndivyo mafundi wanavyofanya. Wanatandika gazeti chini, wanasubiri. Tone likidondoka, gazeti linasema."

"Aliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na dakika kidogo. Tuliondoka pamoja, alinipa lifti hadi kwangu. Mama na Baba walitusindikiza hadi getini."

"Nyumba ikabaki na nani?"

"Wao wawili."

"Mwingine ana ufunguo?"

Binti alitazama pembeni. "Yeye anao. Mama alimpa zamani, hakuwahi kuudai."

Nje, Koplo hakusubiri hata wafike kwenye gari. "Alirudi," alisema. "Kampeleka dada, karudi na ufunguo wake, kachezea nati. Ndiyo maana anakiri bila maelezo. Hii si kesi ya uzembe, afande. Hii ni nzito."

"Arudi afanye nini?"

"Sijui. Watu wana mambo yao."

"Mtu anayeandika saa tatu tofauti kwenye gazeti, kisha anarudi kuharibu?"

"Wewe unampenda kwa sababu ni mpole wa kazi kama wewe."

Taratibu alimwambia asimame kwenye duka la vifaa vya bomba. Muuza duka, bwana mmoja mwenye kitambi na penseli sikioni, aliitazama nati kupitia mfuko na kutingisha kichwa.

"Marehemu," alisema. "Nani kaiua?"

"Wewe tuambie."

"Mzee. Naapa ni mzee." Akaweka nyingine kama ile mezani, mpya. "Hii inakazwa kwa mkono tu, bwana mkubwa. Mkono huu, basi. Pete ya ndani ndiyo inayozuia maji, si nguvu zako. Lakini wazee waliozoea nati za shaba hawaamini mkono. Shaba unaibana kwa spana mpaka inalia, haina neno. Plastiki ukiifanyia hivyo inanyamaza tu. Unaondoka unajisifu, ufa unatembea polepole. Usiku mtaa mzima ukifunga maji, presha inapanda, inaachia. Kila mwezi wananirudishia hapa, wananitukana mimi."

Koplo alikuwa ameacha kutafuna.

Fundi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano saa saba kasorobo. Mtu wa makamo, mabega mapana, mikono iliyojaa makovu madogo. Alikaa alipoambiwa akae.

"Kabla ya yote," Taratibu alisema, "pole kwa msiba."

Fundi aliinua macho. "Ahsante, afande. Wewe ndiye wa kwanza kunipa pole."

Taratibu akaumwaga mfuko wa kazi wa fundi juu ya meza. Msumeno mdogo, bisibisi, utepe mweupe, kalamu ya risasi, tochi, na spana malaya mbili, zile za kufunguka na kufunga kulingana na nati, midomo yake imezungushiwa plasta.

"Plasta ya nini?"

"Isichubue nati za watu."

"Umekiri ulikosea. Ulikosea nini?"

"Nilikaza kupita kiasi. Ikapasuka."

"Kwa spana?"

"Kwa spana."

"Ipi katika hizi?"

Fundi aligusa ile kubwa. Taratibu akatoa nati mpya ya dukani, akaisukuma mbele yake. "Bana."

Fundi akabana. Taratibu akaichukua, akaiweka kando ya ile ya mfukoni. Moja ilikuwa laini kama kokoto ya mtoni, nyingine imeumwa.

"Hii ina alama za meno. Spana yako haina jino hata moja."

"Nilikuwa na nyingine."

"Iko wapi?"

"Imepotea."

"Mtu anayevalisha spana plasta asimchubulie mtu nati anatembea na spana ya meno?"

Fundi aliisogeza spana kando.

"Uliandika kavu mara tatu. Saa kumi na moja hakukuwa na ufa. Baada ya hapo ulikuwa barabarani na binti wa watu. Ulirudi?"

"Sikurudi." Alisema haraka, kisha akajuta. "Au nilirudi. Andika nilirudi. Afande, una haraka gani na mimi?"

"Ulizia nje kama mimi nina haraka na mtu."

Koplo alikohoa kuficha kicheko. Hata fundi aliachia pumzi iliyokaribia kuwa tabasamu, na Taratibu akaiingilia hapohapo, kwa sauti ileile ya chini.

"Mzee alikufundishaje kukaza?"

"Fundi Mkuu?" Uso wake ukafunguka. "Afande, yule mzee alikuwa moto. 'Mkono kwanza, spana baadaye, kisha robo.' Robo ya mzunguko, ya kulalia usingizi. Mimi kila nati niliyokaza, miaka sita, alinipitia nyuma akaiongeza robo yake. Hata niwe nimekaza mpaka mishipa imenitoka. Hata juzijuzi tu, nimeshakuwa fundi mwenye watoto, nikimfanyia kazi najua nikigeuka tu atai..."

Akakoma. Alitazama mikono yake juu ya meza kama vitu vilivyoachwa pale na mtu mwingine.

Barazani simu ililia ikanyamaza.

"Ulijua lini?" Taratibu aliuliza.

"Waliponikamata. Walinipitisha jikoni, kabati la sinki lilikuwa wazi. Niliziona alama." Alifuta uso kwa kiganja. "Ile spana naijua, nimeibeba begani miaka sita."

"Kwa hiyo ukakiri."

"Niseme nini? Nimwambie, 'Mzee, ni mkono wako'?" Akainamia mbele. "Wamekaa pamoja miaka arobaini na sita. Usimwambie. Nakuomba, afande, usimwambie. Mimi nifunge. Nitakaa mwaka, nitakaa miwili, nitatoka. Akijua, yeye hatatoka."

Koplo aligeuka akatazama ukuta.

Ndani ya gari, mbele ya nyumba ileile, walikaa dakika kumi injini imezimwa.

"Tunaweza kutia sahihi," Koplo alisema. Hakuwa anatania safari hii. "Kakiri mwenyewe. Kaomba mwenyewe."

"Tunaweza."

"Lakini?"

"Ana watoto. Wataambiwa baba yao alimuua bibi yao." Akafungua mlango. "Na si kweli."

Mzee alikuwa ameamka. Aliketi sebuleni, mrefu hata akiwa amekaa, vifungo vya shati vimepishana tundu moja. Binti alisimama nyuma ya kiti chake kama mlinzi.

"Amehukumiwa?" ndilo neno la kwanza la mzee.

"Bado, mzee wangu. Nina maswali machache."

"Uliza. Lakini ujue mimi sitaki huruma hapo. Nilimfundisha kazi mwenyewe. Angekuwa kajifunzia barabarani ningesema kakosea tu. Huyu alijua." Alipiga mkono wa kiti. "Alijua!"

"Jumapili, walipoondoka, ulifanya nini?"

"Niliikagua kazi. Naikagua kazi siku zote."

Binti alimshika bega. "Baba, si lazima..."

"Niache niseme, hili linatakiwa liandikwe." Alimwelekezea Koplo kidole. "Andika. Mke wangu aliniuliza, 'Haitavuja hii?' Ile ya zamani ilikuwa inamlowesha miguu kila siku, alikuwa ameichoka. Nikamwambia ngoja niipe robo. Akacheka, akasema, 'Wewe na robo zako.' Nikachukua spana, nikaingia chini. Na unajua nilikuta nini? Imelegea! Nati iligeuka robo nzima, bila shida. Nati iliyokazwa na fundi haigeuki robo nzima, bwana. Huo ndio uzembe wenyewe. Kama si mimi, ingeachia palepale jioni."

Koplo alikuwa ameacha kuandika.

"Naomba niione spana," Taratibu alisema.

Mzee alimtuma binti stoo. Alirudi nayo ameishika kwa mikono miwili, spana ya bomba nzito ya chuma, mpini umeng'aa kwa kushikwa. Taratibu aliipeleka dirishani. Katikati ya meno kulikuwa na vijipande vya plastiki, vidogo kama chumvi, rangi ya kijivu. Aliitia kwenye mfuko. Kisha akarudi, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mzee, magoti yakikaribia kugusana, akamwekea nati mkononi, ndani ya mfuko wake mwangavu.

"Wewe ni fundi kuliko mimi. Niambie imekufa kwa nini."

Mzee aliigeuza kwenye mwanga. Akaipapasa kwa kidole gumba, juu, pembeni, juu tena. Miaka hamsini ya kazi ilimwamkia kidoleni kabla ya kumfikia kichwani.

"Hii haikulegea," alisema. "Hii imebanwa. Imebanwa na..."

Kidole kilisimama juu ya alama za meno.

"Ni plastiki," Taratibu alisema. "Za siku hizi zinakazwa kwa mkono tu. Alikaza kwa mkono, akaisubiri saa mbili, ikawa kavu. Ndivyo inavyotakiwa. Inaweza kugeuka robo na bado ikawa nzima."

"Ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima, mzee."

Binti alisema, "Mwache, tafadhali. Mwache sasa," lakini alisema kwa sauti ya mtu ambaye gari limeshampita.

Mzee hakulia. Aliendelea kuipapasa nati, kama daktari anayetafuta mapigo mahali anapojua hayapo. Kisha aliuliza, "Yeye anajua?"

"Anajua tangu Jumatatu."

"Na akasema ni yeye."

"Alisema ni yeye, ili wewe usijue."

Mzee aliinamisha kichwa mpaka paji likakaribia magoti. Alipokiinua alikuwa amezeeka mbele ya macho yao. "Nilisema asisogezwe karibu na jeneza," alisema. "Mkewe alikuja kuniomba aachiwe saa moja tu amzike. Nilimfukuza mlangoni. Nilimwambia mumeo ni muuaji." Akashika mikono ya kiti, akasimama. "Nipe viatu, mwanangu."

"Baba, kesho."

"Nipe viatu."

Maelezo yake aliyatoa kituoni mwenyewe, neno kwa neno, na alipoona Koplo anapunguza, alimrudisha. "Umeruka. Nimesema niliingia chini na spana. Andika spana." Koplo akaandika spana. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye karatasi na hakujisumbua kuyafuta.

Saa tisa na nusu Taratibu alimpigia mwendesha mashtaka. Alieleza nati, alama, vijipande vya kijivu, gazeti. Upande wa pili walisikiliza, wakauliza mambo mawili, wakamaliza. Ajali. Mahabusu aachiwe, jalada lifungwe, hakuna wa kushtakiwa.

Fundi alisaini akarudishiwa mfuko wake na mkanda wa suruali. Askari wa kaunta alimwambia aende. Hakwenda. Alikaa kwenye benchi la barazani, mkabala na mlango wa ofisi uliokuwa wazi, mfuko katikati ya miguu. Mle ndani, mgongo wa mzee ulionekana.

"Nitakaa muda gani?" mzee alimuuliza Taratibu.

"Hukai, mzee. Ni ajali. Unarudi nyumbani."

"Labda hamkuandika vizuri."

"Tumeandika kama ulivyosema."

"Basi someni tena. Mtu amekufa." Alisema bila kupandisha sauti. "Nimemuua mke wangu, mnaniambia nirudi nyumbani? Nyumbani nikafanye nini? Nikavitoe vyombo?"

Miaka ishirini na minne ya kazi, na Taratibu hakuwa na fomu ya swali hilo.

"Niende wapi?" mzee aliuliza tena. Aliwageukia mmoja mmoja, Taratibu, Koplo, binti yake aliyekuwa amesimama kando ya kabati la majalada. Alikuwa anauliza kweli, kama mgeni aliyeshuka kituo kisicho chake. "Niambieni, niende wapi?"

Fundi alisimama kutoka kwenye benchi. Aliingia hadi mlangoni, akasimama hapo, mikono imening'inia.

"Makaburini," alisema. "Nipeleke, Fundi Mkuu. Mlimzika mama mimi nikiwa humu. Sijui hata kalala upande gani."

Mzee hakugeuka. Mabega yake yalianza kutikisika, kidogo, kisha sana, na kilio kilichomtoka kilikuwa cha kwanza tangu Jumatatu, kizito, cha ndani kabisa, mpaka askari wa kaunta akavua kofia bila kujua kwa nini. Fundi alivuka chumba. Alimwingizia mkono kwapani, binti akamshika upande wa pili, wakamwinua.

Taratibu aliwafungulia mlango, na akabaki ameushika mpaka walipofika barabarani.